Kesho Stesheni Usininyamazishe

Doto,

Salamu nilikupa asubuhi uliponiamkia, zinatosha. Hali yangu unaijua, tunaishi nyumba moja. Nakuandikia kwa kuwa umekwenda Chemchem kumuaga shangazi yako, na kwa kuwa nikikwambia haya kwa mdomo utaniwekea ile sauti yako ya kiinjilisti, "Mama, kwanza tuombe," nami nitakurushia mwiko. Usome leo, kabla hujalala. Usingoje mpaka uko ndani ya gari la moshi, maana lililo mwishoni linahusu kesho.

Sikuandikii habari za kuchemsha maji wala kuanika blanketi. Hayo nimeyasema tangu unaota meno, na kama hujayashika mpaka sasa una ndevu, hutayashika leo.

Nimekasirika. Naanza na hilo usije ukaisoma barua hii kwa upole ambao sikuutia. Nimekukasirikia wewe. Nimemkasirikia Mzee Zefania na wazee wenzake wa kanisa. Na aliye juu yao wote naye yumo, tutamfikia.

Jumapili kwenye ibada ya kukuaga ulisimama mbele ya usharika mzima wa Itetemia, umevaa lile koti ulilopewa na mmisionari linalokupwaya mabegani, ukasema, "Ndugu zangu, mnaniuliza kwa nini siogopi kwenda Usinge kwa watu wa malale. Siogopi, kwa sababu mama yangu huyu hapa alimzika ndugu yangu Kulwa bila kudondosha hata chozi moja. Alisimama kaburini akaimba. Hiyo ndiyo imani niliyoinyonya." Watu wakaitikia amina. Mzee Zefania akageuka kunitazama, akachekelea kwa meno yake yaliyobaki. Mimi nikainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Doto, sikuimba. Nani alikwambia niliimba? Wewe ulikuwa mdogo, huwezi kukumbuka, kwa hiyo uliambiwa na watu, na kila mwaka waliongeza kidogo. Nilipoisikia mara ya kwanza nilikuwa nimesimama tu. Mwaka uliofuata nilikuwa nimeinua mikono. Sasa nimepewa na wimbo. Nikichelewa kufa nitasikia nilipaa.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, halafu uone kama utaweza kuisimulia tena.

Mlipozaliwa wawili, baba yako na mimi tulikuwa tumekwisha kubatizwa. Unajua mambo ya mapacha kwetu sisi Wanyamwezi, ingawa siku hizi mnajifanya hamjui. Mama wa mapacha hafanyiwi mzaha. Yapo madawa, zipo ngoma na nyimbo za matusi, wapo wanaojua kuyafanya, na mpaka yafanyike mama haingii shamba la mtu wala hatangulii kisimani, kwa maana ataharibu mazao na kukausha maji. Sisi tukakataa. Mzee Zefania, wakati huo kijana mwenye sauti kubwa, akatusifu hadharani. Lakini yeye hakuwa akiteka maji nami. Wanawake walikuwa wakiniona na mtungi wanasimama kimya kunipisha njia ya kurudi nyumbani. Niliteka mwisho wa wote, matope matupu, na nyie wawili mgongoni na kifuani. Kwenye kulima kwa zamu hawakuniita. Shamba langu nililima peke yangu mpaka kiuno kikagoma.

Nikavumilia. Nilimwambia Mungu, sawa, hii ni kwa ajili yako, unaona mwenyewe. Nilikuwa naongea naye sana siku zile. Nilimlalamikia mvua, nikamlalamikia kuku walioliwa na kicheche, nikamlalamikia baba yako na safari zake za asali zisizokwisha. Nilikuwa mtu wa maneno, hata na yeye.

Kisha ikaja surua. Mlikuwa mmekwisha kujua kuitana majina. Mlilala kitanda kimoja, mmevimba macho, mmeshikana vidole. Kulwa alikuwa mkubwa, alitangulia kuzaliwa, na kwa kuugua akatangulia vilevile. Baba yako alikuwa porini kwenye kambi yake ya asali na hakuna aliyejua ni upande gani. Nikaomba, Doto. Unavyofundisha watu kuomba ni mchezo. Nilimkumbusha Mungu yale matope ya kisimani. Nilimwambia kama ana deni kwangu kwa heshima niliyompa, basi siku ya kulilipa ndiyo hii. Kulwa akakata roho asubuhi, uji wake uko kando unapoa.

Bibi Kalunde ndiye aliyefika wa kwanza. Unamkumbuka, mkubwa wa wanawake wa kisimani, ambaye tangu mzaliwe hakuwa amekanyaga uani kwangu. Alisimama pale penye mwanzo wa ua, hakuingia.

"Mama Kulwa," akasema, "nakuonea huruma, na sikuja kukucheka. Pacha haliliwi. Ukimlilia, anarudi kumchukua mwenzake. Huyo aliyebaki unamtaka au humtaki?"

 Akaniangalia, akaondoka kwenda kukaa chini ya mti ng'ambo ya njia, anangoja aone.

Akaja Mzee Zefania na watu wa kanisa. Aliniongoza kwa kunishika kiwiko mpaka kaburini, akaniinamia sikioni. "Mama, jikaze. Wale pale wanatutazama. Ukilia leo watasema Mungu wetu ameshindwa. Sisi hatulii kama wasio na tumaini."

Watu hao wawili hawakuwahi kukubaliana juu ya kitu chochote, tangu mvua mpaka mazishi. Siku hiyo walikubaliana kwamba mimi ninyamaze.

Nikauma shavu kwa ndani mpaka nikaonja damu. Udongo ulipoanza kuingia, wewe ulikuwa umeshika upindo wa kanga yangu, na madoa ya surua bado usoni. Ukaita, "Kulwa! Kulwa, toka!" Hakutoka, ukaanza kulia. Bibi Kalunde akasimama kule alikokaa. Mzee Zefania akanikazia macho kutoka upande wake. Nikakuziba mdomo. Kwa kiganja changu hiki, kwa nguvu, mpaka pua ikazibika nikaona macho yako yanatoka. Ukanyamaza.

Tangu siku ile sijakuona ukilia. Ulivunjika mkono ukicheza, hukulia. Baba yako alipokufa ulisimama kama gogo ukasoma Zaburi bila kukwama, na watu wakasema kijana huyu ana imani ya mama yake. Mimi nilijua walichokuwa wanakiona. Walikuwa wanauona mkono wangu.

Kesho yake nilikwenda kisimani. Bibi Kalunde akasogeza mtungi wake, akaniamkia. "Mwangaluka, Mama Doto. Teka." Niliteka wa kwanza, maji meupe. Ni yeye aliyeanza kuniita Mama Doto. Kwao nilikuwa nimefuata mila, basi mapacha walikuwa wameshafanyiwa mambo yao. Jumapili Mzee Zefania akanitoa nyuma, akanikalisha benchi la mbele, akawaambia wote, "Mtazameni mwenzenu." Kwao nilikuwa nimeshinda vita ya imani. Nikakaa. Maji niliyachukua kwa kuwa nilikuwa na kiu, na benchi nililichukua kwa kuwa nilikuwa nimechoka kuwa peke yangu. Sikufuata mila wala sikushinda vita. Nilikuwa na hasira, na woga wa kukupoteza na wewe, basi. Ningemwambia nani? Kila mmoja alikuwa amekwisha kunipangia maana yake.

Baba yako aliporudi na mizinga yake ya asali alikuta udongo umeanza kupasuka kwa jua. Hakuuliza mengi. Kulipokucha akarudi porini, ingawa msimu wa asali ulikuwa umekwisha, akakaa huko siku kadhaa, akaja mikono mitupu na macho mekundu. "Moshi," akasema. "Moshi wa kufukuzia nyuki." Nikamwambia pole. Nilimwonea wivu kwa ule msitu wake.

Na Mungu nikamnunia. Wewe bado hujaoa, lakini umeona mwanamke akimnunia mume. Anampikia, anamwekea maji ya kuoga, hamwambii neno. Hivyo ndivyo nilivyoishi na Mungu miaka mingi nikiwa kwenye benchi lake la mbele. Nilifumba macho wakati wa sala kwa kuwa wengine wamefumba. Nyimbo nilifungua kinywa. Siku ya kushuhudia walinisukuma nisimame, nikasema Bwana amenipa amani, nikakaa. Hakuwa amenipa kitu. Ukiniuliza kosa langu ni lipi, si kuziba machozi, maana pale nililazimishwa. Kosa langu ni neno hilo la amani. Wanawake waliofiwa walinisikia wakarudi nyumbani wakijiona wao ndio wabovu.

Babu yako ndiye aliyenishtukia. Baba yangu mzazi, unamkumbuka na lile bega lake lililoota sugu gumu kama kwato. Hakubatizwa, na darasa la ubatizo alikwenda mara moja akasinzia. Ujana wake wote aliumalizia kwenye njia ile ya misafara inayopita nyuma ya shamba letu, pembe za ndovu kwenda pwani, nguo na shanga kurudi Ujiji, kwanza mpagazi, baadaye nyampara wa wapagazi. Alikuwa anakaa kwetu, amezeeka, kazi yake kubambua karanga. Mimi wakati huo nilikuwa nimekwisha kuamua. Nilikuwa nimefunga kibuyu cha asali kwenye kanga, cha kumpelekea Bibi Kalunde anifanyie yote niliyoyakataa, niachane na kanisa, nikae na majirani zangu kwa amani. Sikuwa nimemwambia mtu. Nikapita mbele ya mzee.

"Mbona siku hizi hugombani naye?" akaniuliza.

"Na nani, baba?"

"Huyo Mungu wenu. Zamani ulikuwa ukilima unamsema toka asubuhi mpaka jua la kichwa. Nilikuwa nikikusikia nacheka. Sasa kimya."

Nikamwambia sina cha kumwambia.

"Hee," akasema. "Mimi nimeongoza watu, mwanangu. Wapagazi wanaonung'unika hawakunisumbua hata siku moja. Mzigo mzito, nyampara mbwa, chakula kibaya, jua kali, wanakutukana mama yako njia nzima, na jioni unawakuta kambini na mzigo wao. Niliyekuwa namchunga ni yule aliyekuwa akisema, halafu ghafla hasemi. Huyo ameshaweka mzigo chini moyoni. Usiku anatoroka. Hiyo kanga umefunga nini?"

Nikaketi chini nikafungua kanga. Tukala asali, mimi na yeye, hakuniuliza tena.

Siku iliyofuata nilikwenda shambani kwenye karanga peke yangu, nikaegemeza jembe, nikamsema Mungu. Sitakuandikia nilichosema, maana unaweza kulazimika kuniripoti kwa wazee. Nilimwita majina. Nilimuuliza matope ya kisimani aliyahesabu vipi. Nilimwambia amenifanya kichekesho cha pande mbili. Nilipomaliza sauti ilikuwa imekauka na jirani wa ng'ambo alikuwa ameacha kulima ananitazama. Hakunijibu, Doto. Usije ukaenda Usinge ukasema mama yangu alisikia sauti. Hakukuwa na sauti. Lakini kesho yake nilirudi kwa kuwa nilikuwa sijamaliza, na siku ya tatu kwa kuwa nilikumbuka jingine. Ndivyo nilivyobaki Mkristo. Leo bado namdai majibu, na sijui nitajibiwa hapa au huko. Ningekuwa sina haja naye ningekuwa nimekwisha kunyamaza, na ningekuwa mwanamke mtulivu sana.

Hiyo ndiyo imani niliyo nayo. Haina wimbo. Nilitaka uijue kabla hujaondoka na ile nyingine, kwa maana ile nyingine si yangu, ni ya Mzee Zefania, na haijawahi kufiwa.

Sasa kuhusu Usinge. Hukuniuliza. Ulijitolea kwa mmisionari, ukanipa habari ikiwa imekwisha kupikwa na kupakuliwa. Nina mtoto mmoja, na katika nchi yote hii umechagua kwenda kwenye mbung'o, inzi wa malale. Walinichukulia Kulwa wakaniambia nisilie, leo wanakuchukua wewe wanataka nipige vigelegele. Nimekasirika, nimesema, na nitaendelea kukasirika utakapokuwa umekwenda. Usiniandikie kwamba unaniombea nipate utulivu.

Nimesikia wanaotoka huko wanavyosema. Serikali imewatoa watu kwenye vijiji vyao porini, imewapanga mistari mistari karibu na reli, kila mmoja na kiwanja chake, waachane na mbung'o. Labda ni vizuri, mimi si Bwana Shauri wa serikali. Lakini makaburi yao yamebaki huko porini, na mwenye mtoto aliyezikwa huko hawezi hata kwenda kuyapalilia. Basi utakuta mwanamke. Sijui jina lake, ila utamkuta. Atakaa kwenye kanisa lako la nyasi, jicho kavu, ananyoosha kanga magotini. Atakupendeza, kwa kuwa hasumbui. Utatamani kumwonyesha wengine.

Usimpeleke benchi la mbele. Ninakukataza kama mama, na ukitaka nitakukataza kama muumini mwenzio. Usimsimulie habari zangu, au kama utamsimulia, msimulie za kwenye karanga. Akikutukana, kaa utukanwe. Akimtukana Mungu, usimtetee, Mungu ni mtu mzima. Akipiga kelele wakati wa mahubiri yako, nyamaza wewe. Yesu wako alilia kwenye kaburi la rafiki yake mbele ya watu, na hakuna mzee wa kanisa aliyemvuta kanzu.

Na wewe mwenyewe. Itakuja asubuhi utaamka huko na homa, au umezika mtu uliyemwombea apone, na ndani yako pamekauka. Utajiambia mama yangu aliimba, mimi nina kasoro gani. Nilipokusikia Jumapili ndicho kilichonitisha, kuliko mbung'o. Huna kasoro. Mama yako hakuimba. Toka nje ya kijiji umseme Mungu, kwa Kinyamwezi, Kiswahili chako cha mimbari hakitatosha. Kisha rudi ukafanye kazi yako umekasirika vilevile. Kazi inafanyika. Mimi nimekulea hivyo.

Nimesikia mbwa anabweka, nadhani umefika njia panda. Nimalize.

Kesho watakusindikiza kwa kwaya mpaka stesheni. Mzee Zefania ameshaniletea ujumbe, nivae kanga nyeupe, nisimame mbele, watu waone. Nitaivaa, na nitasimama mbele kabisa. Gari litakapopiga honi, nitalia. Sitalia kwa kufuta pembe ya jicho. Nitalia kwa mdomo wazi kama tunavyolia watu wa kwetu, kwaya ikitaka ipandishe sauti. Nitaanza na Kulwa, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa na amengoja zaidi. Kisha nitakulilia wewe. Bibi Kalunde hayupo tena duniani wa kunitisha, na Mzee Zefania akinishika kiwiko nitamsukumia kwenye wapiga ngoma.

Usishuke kuja kuniombea. Usinyooshe kidole mbinguni. Usiniambie, "Mama, nyamaza." Na kama kilio kitakujia na wewe, usikizuie, mwanangu. Nitakuwa nimeshika dirisha la behewa kwa mikono yote miwili.

Mama yenu,
Mama Kulwa